Televisheni Juu ya Chukudu

Mtu akienda kununua viatu huenda na miguu yake. Hakuna anayeiacha miguu nyumbani akamwambia muuzaji, "Nipe kiatu kizuri tu, mguu wangu ni wa kadiri." Kwa hoja hiyo Emerance alimshinda mumewe Jumamosi ile asubuhi. Célestin, seremala mwenye kiburi cha kuwatosha wanaume wawili, akajikuta anaitoa televisheni sebuleni, ile ya zamani yenye tumbo kubwa, imefungwa katika shuka la maua, na kuilaza juu ya chukudu. Chukudu yenyewe alikuwa ameichonga kwa mikono yake: magurudumu mawili ya mbao, usukani wa mbao, na ubao mrefu katikati wa kubebea mizigo.

"Batu batatucheka," alisema, akiikaza kamba.

"Bacheke. Kwani mi nanunuaka samaki bila kufungua mashavu yake?" Emerance alikuwa anauza samaki wabichi wa ziwani kutoka Vitshumbi, na katika miaka yake sokoni hakuna aliyewahi kumuuzia samaki aliyelala. "Tunapeleka televizyo yetu pale, tunaitia moto, wanatuonyesha picha. Kama picha haikuje, hatununue."

Haraka yao ilikuwa na sababu. Kesho yake, Jumapili, misa ya parokia ingeonyeshwa moja kwa moja katika televisheni ya bure, na binti yao Niyigena alikuwa amechaguliwa kuimba zaburi. Peke yake, kwaya nzima imenyamaza. Aliyemfundisha kuimba, tangu akiwa mtoto wa kubebwa, ni bibi yake Mukantwari, mama mzazi wa Célestin. Na Mukantwari hakuweza kwenda kanisani. Magoti yake yalikuwa yamekataa, na kutoka nyumba yao ya mbao pale Majengo, mjini Goma, mpaka parokia njia yote ni mawe ya volkano, meusi, makali, yanayotoboa hata viatu vya vijana. Kama televisheni yao, iliyokaa mwaka mzima bila picha kwa kukosa antena na kisanduku cha matangazo mapya, isingeonyesha, bibi yule asingemwona mjukuu wake. Ndiyo habari yote.

Mtasema, si angekwenda kwa jirani? Jirani alikuwepo, ukuta kwa ukuta: Léopold, mfanyabiashara wa maharage, na mkewe Apolline. Walikuwa na dishi juu ya bati, na kila mwezi walililipia. Mukantwari alikuwa akienda pale kila Jumapili akijikongoja kwa fimbo, mpaka Jumapili iliyopita. Siku hiyo walikuja wageni. Apolline akamwambia bibi mbele yao, "Koko, ile kiti ni ya bageni," akamhamishia kwenye kigoda karibu na mlango. Halafu, padri akiwa ameinua hostia, akabonyeza rimoti na kuweka sinema. Mukantwari alipoguna, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba abonema, ile ada ya kila mwezi, wanalipa wenyewe. Bibi akainuka, akarudi nyumbani, akakaa kitandani. "Kule sitarudiaka tena," alisema, na alikuwa mtu wa neno moja.

Basi Emerance alitaka kumshtua kwa furaha. Alimwambia tu kwamba wanaipeleka televisheni kwa fundi. Célestin naye alikuwa na siri yake. Baada ya Jumapili ile alikuwa amejisifu kwa Léopold mbele ya vijana wa kona: naye ataweka dishi, tena kubwa kuliko lake. Sasa mkewe alikuwa anampeleka kununua antena ya matangazo ya bure, na njia ya kutokea ilipita mbele ya mlango wa Apolline.

Apolline alikuwa anafagia. Aliwaona wanatoka mbiombio, mume anasukuma chukudu, mke ameshikilia televisheni kwa mikono miwili, shuka la maua linapepea.

"Mama Niyigena, munaenda wapi na televizyo asubuhi hii?"

Emerance alifungua mdomo, lakini Célestin alimwahi. Angesema nini? Kwamba dishi limegeuka antena? "Tunaenda tu," alisema bila kusimama. "Tutaonana, Mungu akipenda."

Kwingineko duniani hayo ni maneno ya adabu. Goma, mji uliozoea kukimbia volkano na bunduki, mtu anayesukuma televisheni yake asubuhi mapema huku anasema tutaonana Mungu akipenda, amesema habari kubwa sana. Apolline alisimama na ufagio wake mkononi. Aliangalia upande wa kaskazini, mlima umefunikwa na wingu kama kawaida. Akasikiliza kama kuna mlio wowote. Halafu akaingia ndani kumwamsha mumewe.

*

Sokoni Birere kulikuwa kumefurika watu, na Emerance alifurahi kama anayekwenda arusini. Duka walilolitaka lilikuwa la kijana aitwaye Akonkwa, limejaa nyaya na maboksi mpaka darini. Akonkwa alipoona televisheni inafunguliwa shuka juu ya meza yake, alicheka, kisha akaiheshimu.

"Mama, watu banakuyaka na picha ya televizyo ndani ya telefone. Weye umeleta yenyewe?"

"Mwenye kuumwa njo anaendaka hospitali, hatumi picha."

Akonkwa, kama muuzaji yeyote mwenye akili, alianza na kilicho ghali. Alishusha dishi jeupe, akalipangusa vumbi kwa kiwiko. Célestin alilishika ukingoni kwa mikono yote miwili, akalipima kwa macho, na moyoni mwake tayari liko juu ya bati lao, linaonekana toka barabara kubwa.

"Hii, papa, unaona dunia yote," alisema Akonkwa.

"Na mwezi ikiisha?" aliuliza Emerance.

"Unalipa tena, mama."

"Na kama sikulipa?"

"Basi inalala."

"Kwetu tuko na bintu mingi yenye kulala," alisema Emerance. "Onyesha ile ya bure."

Célestin aliliweka dishi chini taratibu, kama anayemlaza mtoto wa watu. Akonkwa akatoa kisanduku cheusi, kidogo kuliko Biblia. Dekoda ya bure, alieleza, haina kadi wala malipo ya mwezi. Unalipa siku moja, antena inavuta matangazo hewani kutoka kwenye minara, kisanduku kinayageuza kuwa picha. Bei yake ilikuwa ya huruma, na bei ya huruma humfanya mwenye kuuza samaki ashtuke.

"Itie moto."

Ikawashwa. Walikuwa wameunganisha nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na manjano, nyuma ya televisheni. Kisanduku kikatafuta, namba zikapanda kwenye kioo mpaka mwisho, kikasema hakuna stesheni hata moja. Akonkwa akakuna kichwa. Ile, alikiri, ni ya mtindo wa kwanza. Matangazo ya siku hizi yanataka mtindo wa pili, wenye herufi T na mbili pembeni. Akaleta kisanduku cha pili. Hicho kilikuwa na T na mbili, lakini nyuma yake kulikuwa na tundu moja pana la televisheni za kisasa, na televisheni yao haikuwa na mdomo wa kulipokea. Célestin aliinama, akatazama tundu, akatazama televisheni yake, akamtazama mkewe. Wangekuja mikono mitupu wangerudi nyumbani na jiwe.

"Leta yenye kuwa na yote mbili," alisema Célestin, na kuanzia hapo akawa upande wa mkewe moja kwa moja, hata akajifanya lilikuwa wazo lake.

Kisanduku cha tatu kilikuwa na T na mbili, na matundu ya rangi tatu. Kikatafuta. Namba zikapanda, zikasimama. Jina la stesheni likatokea, na la pili, na la tatu, halafu, ghafla, kioo kilichokaa mwaka mzima chini ya kitambaa na maua ya plastiki kikamtoa mwanamke amevaa kitenge cha kijani anasoma habari, hata pete zake zinaonekana. Emerance alipiga makofi mara moja, akajizuia. Wateja wengine walikuwa wamekusanyika mlangoni, mmoja akasema kioo cha zamani ndicho kioo, na Célestin akamshukuru kana kwamba amesifiwa mtoto.

Ilibaki antena. Akonkwa alikuwa ametumia ya ndani, fimbo fupi yenye kitako, nzuri ya kuweka juu ya meza. "Chukua tu hii, mama, hauitaji kupanda popote." Picha yake ilikuwa safi, hakuna ubishi. Lakini Emerance alitazama pale ilipowekwa: mlangoni, penye uwazi.

"Ipeleke kule nyuma."

"Kule ni depo, mama. Manjanja juu, manjanja pembeni."

"Na kwetu ni manjanja juu. Ipeleke."

Antena ikapelekwa depo, chini ya mabati. Mwanamke wa kitenge cha kijani akakatika vipande vya mraba, akaganda mdomo wazi, akatoweka. Akonkwa alicheka kwa kushindwa. Akaenda kutoa antena ya nje, ndefu, yenye vijiti vimepangana pande mbili za mti mmoja, na Emerance akaitambua mara moja.

"Mifupa ya tilapia," alisema. "Hii njo yetu."

Wakaitoa nje, wakaielekeza kwenye minara ya kilimani, na mwanamke akarudi akiwa mzima. Célestin aliinunua bila kuomba apunguziwe zaidi ya mara mbili, jambo lisilo la kawaida kwake. Walipoondoka, alikuwa anaimba. Alisukuma chukudu, televisheni katikati, kisanduku kifuani kwa mkewe, antena imesimama nyuma.

*

Furaha yao iliishia kwenye kona ya mtaa wao. Vijana wa kona hawakuwepo. Kioski kilikuwa kimefungwa kwa kufuli mbili. Mbele yao alipita mwanaume amebeba godoro kichwani, nyuma yake mkewe ana sufuria na kuku. Waliodhani ni mlima walikuwa wanaelekea upande wa Mugunga, waliodhani ni bunduki walikuwa wanaelekea mpakani, na pale njia panda makundi mawili yalipishana, kila moja likilionea huruma jingine kwa kukimbilia kifo.

"Kuna nini?" aliuliza Célestin, akiisimamisha chukudu.

"Haujui? Si njo bino mulianza kukimbia?" alijibu mwenye godoro.

Lisemwalo lipo, husema watu, na kama halipo laja. Emerance hakusikia zaidi. Simu ya mumewe ilikuwa imebaki nyumbani kwenye chaji, yake ilikuwa imezimika tangu Birere, na mama mkwe alikuwa peke yake na magoti yale. Alimpa Célestin kisanduku, akakimbia juu ya mawe.

Hakufika mbali. Kutoka uchochoroni alitokea Apolline, jasho linamtiririka, pumzi zinamwisha, na mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, alikuwa Mukantwari na fimbo yake. Nyuma yao Léopold alikuwa anasukuma pikipiki. Juu ya kiti alikuwa amefunga godoro, na juu ya godoro dishi lake, alilolishusha batini kwa spana kwa haraka yake yote, nyaya zinaburuta chini.

Apolline alipowaona alisimama. Alitazama televisheni. Alimtazama Emerance. Alikuwa amekasirika kuliko alivyochoka.

"Mulibeba televizyo," alisema, "mukaacha mama."

Watu walisimama kusikiliza, hata wenye mizigo kichwani. Emerance alitaka kusema, machozi yakamtangulia. "Mi niliacha...? Mama Apolline, mi niende niache mama?"

"Niliwaambia," alisema Mukantwari kutoka mgongoni, sauti kavu. "Niliwaambia muliipeleka kwa fundi. Banasema mulinidanganya tu kusudi nisilie. Huyu akanifunga kitenge, nikakataa, akanifunga vilevile."

"Nimuache?" alisema Apolline. "Papa Niyigena alinisemea mwenyewe: tutaonana Mungu akipenda. Kumbe nitangojea nini tena?"

Macho yote yakamgeukia Célestin. Hapo ndipo alipoona kwamba kiburi ni mzigo mzito kuliko televisheni. Angeweza kusema walikwenda kwa fundi, na kungekuwa na amani. Lakini antena ilikuwa imesimama nyuma ya chukudu, mifupa yote nje, na mama yake alikuwa mgongoni kwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemnuia mabaya wiki nzima.

"Tulienda kununua antena," alisema. "Ya bure. Kusudi mama amwone Niyigena kesho. Niliona haya kukusemea, Mama Apolline, juu nilijisifia dishi mbele ya bwana yako na sina nguvu ya kulilipa. Hakuna mlima. Hakuna bunduki. Ni haya yangu tu. Munisamehe."

Kuku wa yule mwanamke akalia. Halafu mwenye godoro akalitua chini, akaketi juu yake, akaanza kucheka, na kicheko kikapita njia panda nzima mpaka wakawa wanacheka hata waliolia njiani. Wengine walimtukana Célestin kwanza, halafu wakacheka. Léopold peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia dishi lake, na ule mkono mwembamba wa chuma ulio mbele ya dishi, ambao ulikuwa umepinda kabisa.

*

Jumapili asubuhi umeme ulikuwepo. Emerance alikuwa ameuombea tangu alipoamka.

Antena ilikuwa imesimama uani juu ya mti mrefu. Pale Majengo huchimbi shimo, ardhi ni jiwe tupu, kwa hiyo Célestin alikuwa ameusimamisha mti kwa kuuzungushia rundo la mawe ya volkano, na sindano ya kupimia ubora wa picha kwenye kioo ikapanda ikatulia. Kufika saa ya misa nyumba ilikuwa imejaa. Mtaa mzima ulikuwa umetaka kukiona kitu kilichowakimbiza. Walikaa kitandani, sakafuni, kwenye mbao za Célestin, na watoto waliokosa nafasi walikuwa nje, wamepanda juu ya kile wanachoweza kupanda, wanachungulia dirishani.

Mukantwari alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha mikono, amevaa mshanana wake wa sikukuu. Kando yake kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na kila aliyetaka kukaa alikikuta kina fimbo.

Léopold na Apolline walikuja mwisho. Dishi lao lilikuwa limelala uani kwao. Fundi angekuja Jumatatu. Apolline alisimama mlangoni, pale pale ambapo kwake huwekwa kigoda, hakuingia. Ni haya iliyomshika, na wote waliiona.

Mukantwari hakugeuka. Aliiondoa fimbo. "Apolline, ile kiti ni ya mugeni," alisema. "Kuya ukae."

Apolline akaja akaketi. Hakuthubutu kumtazama, lakini bibi aliushika mkono wake akauweka gotini kwake, na ukabaki hapo.

Somo la kwanza likasomwa. Msomaji akainama, akaondoka. Kamera ikazunguka kwenye kwaya, ikatafuta, na Emerance akatambua kitambaa cha kichwa alichokipiga pasi mwenyewe. Niyigena alikuwa anakuja mbele. Alifungua mdomo, na hapo hapo uso wake ukakatika vipande vya mraba.

Nyumba nzima ikaguna. Nje, watoto walikuwa wameyapanda mawe ili waone vizuri, mawe yakaporomoka, mti ukalala upande. Célestin aliruka miguu ya watu akatoka mbio, akaukumbatia mti, akausimamisha. Sauti ya binti yake ilirudi kupitia ukuta wa mbao. Akiuachia tu, inakatika. Basi akabaki ameushika, anaisikiliza zaburi, mgongo kwenye nyumba, na kioo haoni.

Mtu akamgusa bega. Alikuwa Léopold, ameshapandisha mikono ya shati lake la Jumapili.

"Weye njo baba," alisema. "Ingia. Mi nitashika."

"Na weye hautaona."

"Niko na dishi, mi. Ingia, mutoto anaimba."

Célestin akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Niyigena alikuwa amejaa kioo chote. Alikuwa anaimba macho yamefumba, mkono mmoja unapiga mdundo taratibu kwenye sketi, vilevile kama bibi yake anavyofanya akipepeta mchele. Mukantwari aliuona mkono ule. Midomo yake ilikuwa inafuata kila neno, bila sauti, na machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye fimbo na wa pili ulikuwa umeshikwa na Apolline.

Kutoka nje, Léopold akapaza sauti. Misuli ya mikono ilikuwa inamtetemeka, na upepo wa ziwa ulikuwa unausukuma mti kifuani mwake.

"Inaonekana?"

Hakuna aliyetaka kuikatiza zaburi ile kwa maneno. Mukantwari ndiye aliyejibu, bila kuyaondoa macho yake kwenye kioo.

"Inaonekana, mutoto yangu. Bakia hapo hapo."